Uga wa Umeme na Rangi ya Jani la Chai

Kijani cha mashamba ya chai huko Nyamira, wekundu wa tunda la kahawa lililoiva Kisii na umanjano wa ndizi sokoni Keroka hutokana na molekuli za jamii moja. Ni molekuli za kaboni ambazo ndani yake kifungo maradufu hufuatwa na kifungo cha kawaida, kisha maradufu tena, kwa zamu, kutoka ncha moja ya mnyororo hadi nyingine au kuzunguka pete nzima. Katika mpangilio huo wa vifungo pishani, baadhi ya elektroni hazibanwi baina ya atomi mbili tu. Husambaa kwenye mnyororo wote, na kwa sababu hiyo huvutwa na kusukumwa kwa wepesi. Wepesi huo una matokeo mawili. Molekuli hizi hufyonza mwanga ule ambao jicho huuona, ndiyo maana zina rangi. Na uga wa umeme unapozipitia, mwanga unaofyonzwa hubadilika.

Ethilini ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni gesi inayotolewa na ndizi zinapoiva, na ndiyo inayozihimiza nyingine zilizo kando yake kuiva. Ina kifungo maradufu kimoja tu, na hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 170 hivi, mbali ndani ya eneo la urujuanimno, kwa hiyo haina rangi. Vifungo maradufu vikiwa viwili vinavyopishana, kama katika butadieni, ufyonzaji husogea hadi nanomita 217. Betakarotini ina vifungo 11 vya namna hiyo na hufyonza zaidi karibu na nanomita 450, yaani mwanga wa samawati. Kinachobaki kufika machoni ni rangi ya chungwa. Kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo nishati ya mwanga unaofyonzwa inavyopungua, kama vile obokano, ala kubwa ya nyuzi ya Wagusii, inavyotoa sauti nzito kuliko nyatiti ya majirani zao Waluo, yenye nyuzi fupi. Klorofili nayo imejengwa juu ya pete. Ikiyeyushwa katika etha, klorofili a hufyonza zaidi kwenye nanomita 430 na 662, na klorofili b kwenye 453 na 642. Mwanga wa kijani, ulio katikati, hufyonzwa kidogo, na ndio unaorudi machoni.

Mwanga unapofyonzwa, elektroni hupanda kutoka hali ya utulivu hadi hali ya msisimko, na fotoni, yaani chembe ya mwanga, lazima iwe na nishati inayolingana na pengo kati ya hali hizo mbili. Uga wa umeme huzigusa hali zote mbili. Kama ungezishusha kwa kiasi kimoja, pengo lingebaki vilevile na rangi isingebadilika. Hata hivyo, hali ya msisimko hutofautiana na hali ya utulivu kwa mambo mawili. La kwanza ni mgawanyo wa chaji. Katika molekuli nyingi, elektroni iliyosisimka huwa imehamia upande mmoja, na kuuacha upande wa pili ukiwa na upungufu. Molekuli ikiwa imeelekea kwa namna inayokubaliana na uga, pengo hupungua na ufyonzaji husogea kuelekea rangi nyekundu. Ikielekea kinyume, pengo hupanuka na ufyonzaji husogea kuelekea samawati. Mhamo wa aina hii huenda sambamba na nguvu ya uga: uga ukiongezeka mara mbili, mhamo nao huongezeka mara mbili.

Jambo la pili ni uvutikaji. Hata molekuli iliyo sawa pande zote mbili, isiyo na upande chanya wala hasi, huvutwa ikapata mgawanyo wa chaji pale uga unapoipitia. Elektroni iliyosisimka imeshikwa kwa ulegevu zaidi, kwa hiyo huvutika zaidi, na kwa kawaida pengo hupungua. Mhamo huu haufuati uga wenyewe bali mraba wake: uga ukiongezeka mara mbili, mhamo huongezeka mara nne, na uga ukigeuzwa upande mhamo haugeuki. Tofauti hii kati ya mhamo wa mstari na mhamo wa mraba ndiyo inayomwezesha mtafiti kujua, kwa kutazama mwanga tu, molekuli ina umbo gani la chaji kabla na baada ya kusisimka.

Ukubwa wa athari hii unaweza kukadiriwa bila hesabu ngumu. Fotoni ya nanomita 500 ina nishati ya elektronivolti 2.5 hivi, na elektronivolti moja ni nishati inayopatikana pale elektroni inapovuka tofauti ya volti moja. Chukua molekuli ambayo ikisisimka ni kana kwamba elektroni moja imehama robo ya nanomita. Katika uga wa volti milioni 10 kwa mita, umbali huo una tofauti ya volti 0.0025. Pengo basi hubadilika kwa sehemu moja katika elfu, na ufyonzaji husogea kwa nusu nanomita. Hakuna jicho linaloweza kuona badiliko dogo hivyo. Kifaa cha kupima mwanga huliona bila shida, kwa sababu kwenye mteremko wa mkanda wa ufyonzaji hata nusu nanomita huongeza au kupunguza mwanga unaopenya.

Athari ya uga wa umeme kwenye mwanga wa atomi iligunduliwa na Mjerumani Johannes Stark mwaka 1913, alipoona mistari ya mwanga wa hidrojeni ikigawanyika ndani ya uga mkali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1919. Antonino Lo Surdo wa Italia naye aliona jambo hilo hilo mwaka 1913. Molekuli zenye vifungo pishani zilichelewa kuchunguzwa kwa sababu mikanda yao ya ufyonzaji ni mipana na haigawanyiki bali husogea tu. Nadharia ya kusoma misogeo hiyo katika vimiminika ilijengwa baadaye, hasa na Wolfgang Liptay nchini Ujerumani.

Katika maabara, molekuli huyeyushwa ndani ya kimiminika kinachogeuka kioo kikigandishwa kwa nitrojeni oevu, kisha huwekwa kati ya elektrodi mbili zinazopitisha mwanga. Volti 1,000 zikiwekwa kwenye nafasi ya mikromita 50, uga huwa volti milioni 20 kwa mita. Molekuli zilizoganda zimeelekea kila upande, kwa hiyo baadhi husogea kuelekea nyekundu na nyingine kuelekea samawati. Jumla yake si mkanda uliohama bali mkanda uliopanuka, na upanuzi huo hufuata mraba wa uga hata pale ambapo kila molekuli peke yake hufuata mstari. Umbo la tofauti hiyo husomwa kwa kulilinganisha na mteremko wa mkanda wa awali: mhamo halisi hufanana na mteremko wenyewe, na upanuzi hufanana na badiliko la mteremko. Uga pia unaweza kufanya ufyonzaji uliokuwa umekatazwa na ulinganifu wa molekuli uonekane kidogo, kwa kuwa molekuli iliyovutwa upande mmoja si linganifu tena.

Nyanda za juu za Gusii zina radi nyingi, kama lilivyo eneo zima linalozunguka Ziwa Victoria, na ni rahisi kudhani kwamba uga mkubwa wa umeme katika kaunti za Kisii na Nyamira ni ule wa mawingu. Chini ya wingu la radi, kwenye usawa wa ardhi, uga unaweza kufikia volti 10,000 hivi kwa mita. Hewa yenyewe hupasuka na kupitisha cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita katika usawa wa bahari, na kwa kiwango cha chini kidogo katika hewa nyepesi ya Kisii, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Uga wa volti 10,000 kwa mita ungeisogeza ile molekuli ya mfano kwa sehemu ya elfu ya nusu nanomita. Dhoruba haibadili rangi ya chai iliyo shambani.

Uga mkubwa zaidi uko ndani ya jani lenyewe. Nguvu ya uga haitegemei volti peke yake. Hutegemea volti hizo zimebanwa katika umbali gani. Ndani ya kila seli ya jani mna kloroplasti, na ndani ya kloroplasti mna tando za thilakoidi zenye unene wa nanomita 4 hadi 5. Mwanga ukizipiga, vituo vya usanisinuru hurusha elektroni kutoka upande wa ndani wa utando hadi upande wa nje. Tofauti inayopatikana ni ndogo, makumi ya milivolti tu. Lakini milivolti 50 zikigawanywa kwa nanomita 5 ni volti milioni 10 kwa mita, mara elfu moja ya uga ulio chini ya wingu la radi, na mara kadhaa ya ule unaopasua hewa. Kila kichaka cha chai kinachopeleka majani yake kwenye viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo au Nyamache hujenga uga huo kila asubuhi jua linapochomoza.

Rangi za jani zimepachikwa ndani ya utando huo huo, kwa hiyo haziwezi kuukwepa uga. Mwaka 1954 Mholanzi L. N. M. Duysens aliripoti kwamba mwani wa kijani unaoitwa Chlorella, ukiangazwa, hubadili ufyonzaji wake karibu na nanomita 515, na kwamba badiliko hilo hutoweka mwanga ukizimwa. Chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1968 Wolfgang Junge na Horst Witt, wakifanya kazi Berlin, walionyesha kwamba badiliko la nanomita 515 hufuata volti iliyopo kati ya pande mbili za utando. Waliongeza dutu zinazotoboa utando na kuruhusu ayoni kupita, na ishara ikafa upesi zaidi, jambo linalotarajiwa ikiwa kinachopimwa ni volti inayovuja. Mwaka uliofuata kundi la Witt lilipima muda ambao ishara huchukua kupanda baada ya mmweko mfupi wa mwanga na kupata kwamba ni chini ya nanosekunde 20. Mmenyuko wa kikemia wa kutengeneza rangi mpya ungehitaji molekuli zikutane na kubadilishana sehemu zao. Uga unahitaji tu kuwepo.

Uzito wa matokeo hayo unaonekana zaidi yakiwekwa kando ya wazo la Peter Mitchell, Mwingereza aliyependekeza mwaka 1961 kwamba seli huhifadhi nishati kama tofauti ya umeme na ya protoni kati ya pande mbili za utando, na kwamba ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hutengenezwa protoni zinaporudi. Wengi walilipinga kwa miaka mingi. Thilakoidi ni ndogo mno kuchomekwa elektrodi bila kuharibiwa, na hapo karotini na jamaa zake zikawa volitimita ambazo mmea ulikuwa tayari umezifunga mahali panapofaa. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Palibaki fumbo moja, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ufumbuzi wake unaonyesha jinsi uga wa umeme unavyofanya kazi ndani ya viumbe hai. Sehemu kubwa ya ishara ya nanomita 515 hutoka kwa karotenoidi, yaani jamii ya karotini, na katika mimea hasa luteini, yenye vifungo maradufu 10 vinavyopishana. Molekuli ya luteini ni karibu sawa pande zote mbili. Haina mgawanyo wa chaji wa maana, ila ina uvutikaji mkubwa. Kwa mujibu wa kanuni, mhamo wake ungepaswa kufuata mraba wa uga. Vipimo vilisema kinyume. Katika bakteria wa zambarau wanaofanya usanisinuru, J. B. Jackson na A. R. Crofts walionyesha mwaka 1969 kwamba mhamo wa karotenoidi hufuata volti kwa mstari ulionyooka. Ayoni za potasiamu ndizo zilizotumika kuweka volti inayojulikana.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba luteini haijawahi kuwa nje ya uga. Imeshikana na klorofili b na protini ambazo zenyewe zina chaji zisizo na mizani, na majirani hao huiweka katika uga wa kudumu ulio mkubwa sana kuliko ule unaoletwa na mwanga. K.-U. Sewe na R. Reich, pia wa Berlin, walionyesha mwaka 1977 kwamba karotenoidi ikiunganishwa na klorofili b nje ya jani huitikia uga kwa njia inayofanana na ile ya jani. Hesabu yake ni ya aljebra ya shule. Uga wa kudumu ukiitwa K na uga wa mwanga ukiitwa M, mhamo hufuata mraba wa jumla yao, yaani K mraba, kuongeza mara mbili ya K mara M, kuongeza M mraba. Sehemu ya kwanza haibadiliki, kwa hiyo haionekani kama badiliko. Ikiwa K ni mara 20 ya M, sehemu ya pili ni mara 40 ya sehemu ya tatu. Kinachoonekana basi ni mstari ulionyooka. Uga wa kudumu umeigeuza molekuli inayojibu kwa mraba kuwa kipimo cha mstari, na pia umekuza sauti yake.

Kwa jani la chai lililo bado kichakani, kipimo hiki huhitaji taa ndogo za LED zenye mwanga wa karibu na nanomita 520, kigunduzi cha mwanga upande wa pili wa jani na saa ya umeme iliyo sahihi. Badiliko la mwanga unaopenya ni la sehemu moja katika elfu au pungufu. Kifaa cha mkononi kiitwacho MultispeQ, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, hufanya kazi hii shambani kwa sekunde chache. Jani huachwa kwenye mwanga wake wa kawaida, kisha mwanga huzimwa kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Ishara huporomoka. Kimo cha mporomoko hueleza ni kiasi gani cha nguvu kilikuwa kimehifadhiwa kwenye utando, na kasi yake hueleza jinsi protoni zinavyopita katika kimeng'enya kinachotengeneza ATP.

Habari hizo zina maana kwa zao kama chai. Asili ya mchai ni kichaka cha kivulini, na majani yake hutosheka na mwanga kabla jua la mchana halijafikia ukali wake wote. Gusii iko chini kidogo tu ya ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa karibu utosini. Mwanga wa ziada lazima utolewe kama joto, la sivyo utaharibu vituo vya usanisinuru. Wakati wa kiangazi mmea hufunga matundu ya majani, kaboni dioksidi huadimika, kimeng'enya cha ATP hupunguza mwendo, na protoni hujaa upande wa ndani wa utando. Asidi inayoongezeka humo huwasha njia za kutoa joto. Mporomoko wa ishara ya uga huonyesha mwendo huo wa polepole mapema, wakati jani bado ni kijani na mkulima hajaona dalili yoyote.

Ishara yenyewe lazima itengwe na nyingine zilizo jirani. Mwanga ukiwa mkali kwa dakika kadhaa, jani hugeuza violazanthini, yenye vifungo 9 vinavyopishana, kuwa zeazanthini yenye 11, na ufyonzaji hupanda karibu na nanomita 505. Hilo ni badiliko la kemia, si la uga. Karibu na nanomita 535 kuna badiliko linalohusiana na jinsi tando zinavyojikunja na kutawanya mwanga. Njia ya kuaminika ya kuzitofautisha ni muda: uga huporomoka kwa sehemu ya sekunde, ilhali mengine huchukua makumi ya sekunde hadi dakika. Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho, huleta ugumu wake. Anthosianini zinazoipa rangi hufyonza mwanga wa kijani unaokaribiana sana na ule wa kipimo. Ziko ndani ya vakuoli, mbali na utando wa thilakoidi, kwa hiyo haziitikii uga huo. Kazi yao katika kipimo ni kula mwanga tu.

Mabadiliko makubwa ya rangi ambayo watu wa Kisii na Nyamira huyaona kila siku si kazi ya uga wa nje. Kiwandani, majani hunyaushwa, hukatwakatwa na kuachwa yagusane na oksijeni. Katekini zisizo na rangi huunganishwa na kimeng'enya kuwa theaflavini, yenye pete mpya ya vifungo pishani inayofyonza mwanga wa samawati karibu na nanomita 460, na kuwa molekuli kubwa zaidi za hudhurungi. Wakati huo huo klorofili hupoteza magnesiamu iliyo katikati ya pete yake na kuwa feofitini, yenye rangi ya kijani iliyofifia kuelekea kahawia. Feofitini hiyo hiyo hutokea kwenye chungu cha mboga ya chinsaga inayochemshwa kwa muda mrefu. Magadi yakitiwa, asidi ya mboga hupungua na kijani hudumu. Katika visa vyote hivi molekuli imekuwa nyingine, na haitarudi ilivyokuwa kwa kuzima kitu chochote.

Ndimu ndani ya chai ya rangi iko mpakani. Chai hupauka mara moja, kwa sababu protoni za asidi huzikamata molekuli za hudhurungi zilizokuwa na chaji hasi na kuondoa chaji hiyo. Molekuli haijavunjika, na asidi ikipunguzwa rangi hurejea. Lakini kilichoongezwa ni chembe yenye chaji iliyofungwa kwenye molekuli yenyewe, na mfumo wake wa elektroni umepangika upya. Kuiita athari ya uga ni kulinyoosha neno kupita kiasi.

Mahali ambapo uga wa umeme huleta mhamo mkubwa wa rangi, wa makumi ya nanomita, ni ndani ya jicho. Betakarotini ya chinsaga na managu ikifika mwilini hukatwa katikati, na nusu zake huwa retinali, aina ya vitamini A. Maziwa yanayopikiwa mboga hizo husaidia, kwa kuwa karotini hufyonzwa utumboni pamoja na mafuta. Retinali pekee hufyonza karibu na nanomita 380, mpakani mwa urujuanimno. Ikiunganishwa na protini ya jicho huchukua protoni moja na kuwa na chaji chanya. Kiungo cha namna hiyo, kikiwa ndani ya methanoli, hufyonza karibu na nanomita 440. Lakini rodopsini ya jicho, yenye kiungo hicho hicho, hufyonza kwenye 500, na protini za kuonea rangi hufyonza karibu na 420, 530 na 560. Retinali ni ile ile kila mahali. Kinachotofautiana ni chaji zilizopangwa kuizunguka.

Mwaka 1976 Richard Mathies na Lubert Stryer walipima retinali ndani ya uga wa maabara na kuonyesha kwamba ikisisimka, mgawanyo wake wa chaji hubadilika kwa kiasi kinacholingana na elektroni moja kuhama robo ya nanomita au zaidi. Ni kiasi kile kile kilichotumika katika mfano wa mwanzo. Tofauti ni uga. Chaji moja ya protini iliyo nusu nanomita kutoka kwa retinali, hata ikipunguzwa makali na atomi zilizo katikati, inaweza kuleta uga wa volti bilioni moja kwa mita, mara mia ya ule wa utando wa jani. Robo ya nanomita katika uga huo ni robo ya elektronivolti, na hiyo inatosha kusogeza ufyonzaji kutoka nanomita 440 hadi 480 na kitu. Makadirio haya ni ya jumla, kwani umbo la retinali lililopindwa na protini nalo lina mchango wake, lakini yanaonyesha kwamba uga unaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Protini mbili za mwanga wa kijani na mwekundu zinafanana sana. Tofauti ya takriban nanomita 30 kati yao hutokana kwa sehemu kubwa na nafasi tatu katika mnyororo wa amino asidi, zile za 180, 277 na 285, ambapo protini ya mwanga mwekundu ina vikundi vya hidroksili na ya kijani haina. Kila kikundi ni mgawanyo mdogo wa chaji uliowekwa karibu na retinali. Kisii ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na tangu hapo mchumaji amekuwa akichagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Uwezo huo unasimama juu ya vikundi vitatu vya oksijeni na hidrojeni na uga unaotoka humo. Mwenye upofu wa rangi ya aina ya nyekundu na kijani amekosa mojawapo ya protini hizo mbili, au anayo iliyobadilika ikakaribiana mno na mwenzake.

Molekuli zenye vifungo pishani sasa zimo pia mifukoni. Skrini za OLED za simu zina tabaka za molekuli hizo zenye unene wa jumla wa nanomita 100 hadi mia chache, na volti chache zinazopita humo hujenga uga wa makumi ya mamilioni ya volti kwa mita, wa daraja moja na ule wa jani. Skrini za kioo oevu ni jambo jingine: humo uga huzigeuza molekuli mwelekeo, na mwanga hupita au huzuiwa kwa sababu ya mwelekeo huo. Vioo vya madirisha vinavyotiwa giza kwa umeme navyo ni jambo la tatu, kwani umeme huingiza au kuondoa elektroni na kuunda dutu nyingine.

Katika utafiti wa OLED, mhamo wa ufyonzaji umekuwa njia ya kupima uga uliofichika. Metali mbili tofauti zikiwekwa pande mbili za tabaka la polima, elektroni hutiririka kidogo hadi mizani ipatikane, na uga hubaki ndani hata kabla betri haijaunganishwa. Mwaka 1996 I. H. Campbell na wenzake nchini Marekani waliupima kwa kutumia kanuni iliyoelezwa kwa luteini: volti ya kudumu ikijumlishwa na volti inayoyumba, sehemu ya ishara inayofuata mayumbo hayo hulingana na uga wa kudumu mara uga unaoyumba. Volti ya nje huongezwa polepole hadi ishara hiyo ifike sifuri. Hapo uga wa nje umeufuta ule wa ndani, na volti iliyosomwa kwenye mita ndiyo iliyokuwa imejificha kati ya metali hizo mbili.